Wananicheka kwa ajili ya mukene. Niache ualimu?

Shangazi, nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mshahara wangu ni laki tatu na nusu, mwezi ukiwa mzuri.

Watoto wangu walikuwa hawali mukene, yaani dagaa. Tatizo si samaki, ni mchanga. Hata uoshe vipi, kabla sahani haijaisha lazima jino likutane na punje. Sasa, nilikwenda Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye msiba, nikamkuta mama mmoja mzee anaanika dagaa wake juu ya chanja: nguzo za miti, wavu umetandazwa juu usawa wa kiuno. Wenzake wote walikuwa wamemwaga wao chini ufukweni, kuku na mbwa wanapita katikati. Nikanunua kilo mbili kwa yule mama. Nyumbani nikaloweka mabakuli mawili, moja dagaa wa sokoni, moja dagaa wake. La kwanza maji yaligeuka tope na chini pakalala mchanga wa kuchota kwa kijiko. La pili maji yalibaki karibu kama nilivyoyamimina. Watoto walikula, wakaomba tena.

Nikaamua nitanunua dagaa wa chanja, nitawachambua, nitawafunga pakiti za robo kilo zenye lebo na kuuza mjini. Nikachukua gunia la kilo 50 kwa bei ya 8,000 kilo, jumla laki nne, na nauli 20,000. Pakiti na lebo zinanigharimu 300. Kwa hiyo pakiti moja inanisimamia kwenye 2,300, naiuza 3,500, napata 1,200. Gunia likitoa pakiti 200 hiyo ni 240,000. Nikiuza magunia mawili kwa mwezi nimeupita mshahara.

Gunia la kwanza lilitoa pakiti 180. Kilo kama tano zilikuwa vumbi na vipande, nikawapa kuku wa jirani. Pakiti 60 nilizipeleka madukani kwa 3,000, 40 wamechukua walimu wenzangu kwa mkopo mpaka mwisho wa mwezi, na 80 nimeuza mwenyewe kwa 3,500.

Shangazi, hakuna hata mtu mmoja aliyenitia moyo. Kwenye ofisi ya walimu naitwa Madam Mukene. Mama yangu alilia, akasema hakuuza ng'ombe nisome ili nije kunuka samaki. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kupeleka dagaa Kampala kwa watengeneza chakula cha kuku, alicheka mpaka akakaa chini: “Hicho ni chakula cha kuku, nani atakinunua kwenye pakiti?” Mume wangu hanikatazi, ila amekataa kutia sahihi. Kuna mkopeshaji mjini yuko tayari kunipa milioni tano kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, dhamana iwe hati ya kiwanja tunachoishi. Mkopeshaji anasema nimwachie kwanza kitambulisho cha taifa na kadi ya benki, mambo ya mume yatatafutiwa dawa baadaye. Kitambulisho nimeshamwachia.

Aliyenivunja moyo kabisa ni yule mama wa Majanji. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia tu akasema, “Mwanangu, ngoja mvua ije, ndio uniambie.”

Nataka kuandika barua ya kuacha kazi muhula huu ukiisha. Niwasikilize watu hawa, au niende na wazo langu?

Mwalimu, Busia

---

Binti yangu,

Umenitajia watu wa namna tano na umewatia wote gunia moja, ukaandika juu yake “wakatishaji tamaa”. Nimewachambua kama unavyochambua dagaa wako. Wengine ni vumbi. Mmoja wao, yule uliyemlilia zaidi, ndiye pekee aliyezungumza nawe kama mfanyabiashara.

Mama wa Majanji hakusema biashara yako ni mbaya. Amekuuliza utafanya nini mvua ikinyesha, na katika barua yako yote hakuna jibu. Jua likiwaka vizuri dagaa hukauka kwa siku moja. Wingu likitanda wanakaa siku mbili, tatu, wanaanza kunuka, na mvua ikiwakuta juu ya chanja wanaharibika hapo hapo. Kuanzia Machi hadi Mei watu wa ufukweni hutupa mali au huiuza kwa bei ya kutupa. Wewe umenunua gunia lako wakati wa jua, ukapiga hesabu ya mwaka mzima kwa bei ya siku hiyo.

Na si mvua peke yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haiwavuti, na mavuno yanapungua. Giza likirudi wanajaa tena. Kwa hiyo bei inapanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na anayejua kalenda hiyo hununua gunia kwa bei ambayo wewe na mimi hatutaipata. Yule mama anaijua kichwani. Shule hawafundishi hayo.

Rudi Majanji. Safari hii usiende na habari ya lebo, nenda na maswali. Muulize wakati wa mvua yeye hufanyaje: anawafunika kwa turubai? anatia chumvi? anakaanga? Muulize katika wiki ya mvua anapata siku ngapi za jua la kutosha. Halafu mweleze unachotaka: kilo kadhaa kila mwezi, waliokauka juu ya chanja tu, nawe utaongeza kidogo juu ya bei ya ufukweni ukiwakuta safi. Wapime dagaa mbele yake. Dagaa mkavu ukimkunja anakatika, na ngozi bado inang'aa kama fedha. Anayepinda bila kukatika bado ana maji ndani, na huyo ukimfungia kwenye nailoni atakuotea ukungu dukani kwa mtu, jina lako likiwa juu ya lebo. Wala usikimbilie kujenga chanja yako mwenyewe. Mwenye chanja anahitaji mnunuzi wa uhakika, wewe unahitaji mwenye chanja.

Jinja kuna taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, NaFIRRI, na ukaushaji wa mukene ni jambo wanalolifahamu. Likizo ikifika, nauli ya kwenda kuwauliza ni fedha iliyotumika vizuri kuliko lebo za rangi.

Sasa shemeji. Huyu hakudanganyi. Mukene wengi wa ziwa letu huishia kwenye chakula cha mifugo, hasa hao wa mchangani, na ndiyo sababu bei yao iko chini. Yeye anautazama ufukwe mzima kama ghala la chakula cha kuku kwa sababu ndiyo kazi yake miaka yote. Hajawahi kusimama mbele ya mama anayepika na kumwonyesha mabakuli mawili ya maji. Wewe umesimama. Cheka naye, kisha muulize kilo ya vumbi na vipande ananunua kwa bei gani, maana zile kilo tano ulizowapa kuku wa jirani ni mali, na mteja wake unaye nyumbani kwa mumeo!

Wazo lako lina mzizi, nalisema wazi. Watu wanakula mukene tangu zamani, na wanautema mchanga tangu zamani. Wewe huwashawishi wale kitu kipya, unawaondolea kero. Hapo Busia penu ndipo walipokuwa wale vijana wa baiskeli, miaka ya 1960, wakibeba watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha huku na cha kule. Waliona watu wanatembea juani na furushi kichwani, wakafunga kiti nyuma ya baiskeli. Sina shaka kuna waliowacheka pia, na huenda waliowacheka walipanda.

Hilo linanileta kwa walimu wenzako, na hapa nitakuomba uchukue kalamu.

Wewe unasema faida ni 1,200 kwa pakiti. Tuangalie gunia lako lenyewe. Umenunua laki nne, nauli 20,000, pakiti na lebo 180 kwa 300 ni 54,000. Umetoa 474,000. Ulizouza mwenyewe, 80 kwa 3,500, zimeleta 280,000. Madukani, 60 kwa 3,000, zimeleta 180,000. Jumla iliyoingia mkononi ni 460,000. Kwa hiyo leo, Madam Mukene, una upungufu wa 14,000.

Faida yako iko wapi? Iko kwa walimu. Pakiti 40 kwa 3,500 ni 140,000. Wakilipa wote, gunia limekupa 126,000. Wasipolipa, umefanya kazi ya kuwalisha watu wanaokucheka. Mimi jina la utani halinisumbui hata kidogo. Tena ni zuri, ningeliandika kwenye lebo. Linalonisumbua ni mkopo. Mwalimu akikuita Madam Mukene, mwitikie, mpe pakiti, upokee 3,500. Hana? Basi pakiti inarudi mkobani, na urafiki unabaki kama ulivyokuwa. Siku ya mshahara pita na daftari kwa kila mmoja, kabla hajapita kwa mwenye duka.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni laki moja na kitu kwa gunia, wala si 240,000. Magunia mawili hayaupiti mshahara wako, na hapo bado hujajilipa kwa usiku unaokaa kuchambua. Je, ni biashara mbaya? Hapana. Kwa mtu aliyeanza juzi, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, ni mwanzo mzuri sana. Kwa mtu aliyeacha kazi na anayedaiwa, ni njaa.

Na hapo tunafika kwa mume wako. Umemweka kwenye orodha ya maadui, mimi nimemtoa. Amekuachia unuke dagaa, amekuachia sebule ijae pakiti, amekataa jambo moja tu. Milioni tano kwa asilimia 10 kwa mwezi ni riba ya 500,000 kila mwezi. Gunia linakupa 126,000 deni likilipwa lote. Utauza magunia manne kila mwezi, mvua na jua, mwezi mpevu na giza, ili kulipa riba tu, na ile milioni tano bado imekaa pale pale inakutazama. Kisha kiwanja mnacholala kinakwenda. Huyo mwanamume hakulipinga wazo lako, ameikataa hesabu, na hesabu ni mbovu.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Uganda hairuhusu ardhi ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Rehani ya 2009 inataka ridhaa hiyo hiyo kwa nyumba ya ndoa. Ni sheria inayokulinda wewe siku mume naye akija na wazo lake. Mtu anayekuambia sahihi ya mume “itatafutiwa dawa” anakuandalia kesi.

Ukihitaji mtaji, na bado sioni kama unauhitaji, kuna mlango mwingine. Mpango wa GROW wa serikali kwa wanawake wenye biashara hupitia mabenki, na riba yake ni asilimia 10 kwa mwaka. Soma tena: kwa mwaka. Fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo unaopitia parokia za utawala, zisikupotezee muda, zililengwa kaya ambazo hazijaingia kwenye uchumi wa fedha, na wewe una mshahara. Ila benki itakuuliza biashara yako imesajiliwa wapi na daftari lako liko wapi. Basi sajili jina la biashara kwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, chukua namba ya mlipa kodi kwa URA, mamlaka ya mapato, ambayo hutolewa bure, na uende manispaa uulize kuhusu leseni. Kodi isikutishe. Mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka hayana kodi ya mapato ya biashara ndogo, na gunia moja kwa mwezi ni kama milioni saba. Ukifika magunia mawili, milioni 14 na kidogo, kwa viwango vilivyowekwa 2020 asiye na daftari hulipa 80,000 kwa mwaka. Mwenye daftari hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, ambayo kwako haifiki 20,000. Daftari la kurasa 96 litakurudishia bei yake mara nyingi.

Supamaketi wasubiri kwanza. Wao watakuuliza Alama ya Q, ile alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, na vyakula vilivyo chini ya viwango vya lazima haviruhusiwi kuuzwa bila alama hiyo. Nenda ofisi ya UNBS mapema ukajue bidhaa yako inadaiwa nini, kabla hujachapisha lebo elfu. Wakenya ng'ambo ya pili wanaipenda omena yao, yaani dagaa hawa hawa, najua, na pale mpakani kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000. Jaza kwanza Busia yako.

Mama yako? Usibishane naye. Alichokuambia hakihusu biashara, kinahusu ng'ombe aliowauza na hofu ya kukuona umerudi nyuma. Mwambie bado unafundisha, na iwe kweli. Maneno yake yanauma kuliko ya wote, lakini ndani yake hamna swali unaloweza kulijibu kwa hesabu, kwa hiyo yaache yapite kwa heshima.

Kazi, basi. Barua hiyo usiiandike muhula huu, wala ujao. Uza gunia moja kwa mwezi kupitia mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka. Ukivuka misimu yote miwili, madeni hayapo, na daftari linaonyesha faida inayoukaribia mshahara kwa miezi kadhaa mfululizo, tutaongea habari ya kuacha ualimu. Daftari likikataa, utakuwa umepoteza laki chache na jioni zako, kiwanja kipo na darasa lako lipo.

Nimebakiza jambo moja, na hili halingoji mvua wala mwezi. Kanuni za 2018 za wakopeshaji fedha zinawakataza kushika kitambulisho cha taifa au kadi ya benki kama dhamana. Kesho asubuhi, kabla ya darasa, nenda na mumeo mkakichukue kitambulisho chako. Kama umejaza fomu yoyote, ombeni nayo. Akizungusha maneno, mwambieni mnakwenda UMRA, mamlaka inayowapa wakopeshaji leseni, na mkitoka pale mwende kweli.

Shangazi